Siku Mama Mkwe Aliposhindwa Kupanda Pikapu Yangu

Nikiwasimulia hili mtacheka, najua, na sitawakataza, chekeni tu mpaka tufike pale ambapo mimi mwenyewe huwa nashindwa kuendelea, kwa sababu aibu ya siku ile ina sehemu mbili, kuna ya kuchekwa na kuna ile nyingine, na zote mbili zilianzia kwenye matairi niliyoyachagua mwenyewe, nikiwa na akili timamu, mke wangu amesimama pembeni.

Mimi ni mtu wa marudio. (Kwa wasiojua mambo ya machimbo: mwamba ukishasagwa kwenye karasha na dhahabu ikatolewa, mchanga unaobaki bado una kitu ndani yake, na sisi ndio tunaounyemelea huo mchanga na kuuosha upya.) Pale Rwamgasa marudio yanaweza kukulaza njaa msimu mzima, halafu wiki moja yakakusahaulisha njaa yote, na wiki yangu ilipofika nikanunua pikapu, ya mtumba lakini safi, ya milango minne, na siku ya kwanza nikalala usingizi mzuri kabisa. Siku ya pili nikaiona pikapu ya Maduhu.

Maduhu tunafanya naye kazi moja na tulianza pamoja na koleo za kuazima, lakini pikapu yake ilikuwa imenyanyuliwa, springi ndefu, shokapu mpya, matairi makubwa yenye meno, akipita senta watu wanasogea wenyewe na wazee wa maduara, wenye mashimo yao ya dhahabu, wanamwita bosi. Yangu ikikaa karibu na ya kwake inaonekana kama imechuchumaa. Basi nikaipeleka Geita mjini, mafundi wakainyanyua, na ilipokuwa imesimama juu na vitairi vyake vya zamani ikawa kituko, ikabidi twende dukani kutafuta matairi na rimu za kuendana na huo urefu.

Muuzaji akatutolea aina mbili. Ya kwanza ilikuwa matairi ya meno ya wastani, membamba kidogo, na rimu za chuma za kawaida zinazokaa ndani ya madigadi bila kugusa kitu. Ya pili, jamani, ya pili ilikuwa mapana, meusi, meno kama matofali, na rimu zake zinajitokeza nje mpaka tairi lote linasimama nje ya bodi. Yule muuzaji hakunificha kitu, alisema haya mapana ukikata kona yatakwangua, kwa hiyo itabidi madigadi yakatwe kidogo kwa mashine, na zile ngazi za pembeni za kukanyagia ziondolewe, maana tairi litakuwa linazigonga. Mke wangu, Mama Neema, akauliza sasa watu wafupi watapandaje. Nikasema wafupi watanyanyuliwa. Watu wote mle dukani wakacheka, na mimi nilipenda sana walivyocheka, nikachukua mapana.

(Mngeniona narudi Rwamgasa siku hiyo. Nilipitia barabara ambayo haikuwa njia yangu, ili tu nipite mbele ya kibanda cha Maduhu.)

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Luhende, alikuwa anaumwa, ugonjwa wa kupanda na kushuka ambao kila mtu alishauzoea, na mvua za mwaka huu zilipoanza ukapanda bila kushuka, ndugu zake wakamtoa kijijini na kumlaza hospitali Shinyanga mjini. Kwao ni ndani kidogo ya Songwa, ukishaiacha lami unapita katikati ya majaruba ya mpunga ndipo unafika. Mimi na mke wangu tulitoka Geita na pikapu yetu mara tulipopigiwa simu, tukalala Shinyanga, na asubuhi tukamkuta mzee yuko macho, sauti imebaki kidogo, na kitu alichokuwa anakitaka kilikuwa kimoja tu.

"Kabula," akamwambia mke wangu (ndilo jina lake la nyumbani), "nileteeni mama yako. Nina neno naye."

Aliyasema hayo taratibu, kama mtu anayeomba apewe maji. Daktari akatuita nje akasema kama kuna mtu wa kuja kumwona mzee basi aje leo, asingoje kesho. Mke wangu akalia kidogo, akafuta uso, akampigia simu Shangazi Nyanzobe, dada wa Mzee Luhende, ambaye ndiye anakaa na mama pale nyumbani. Na Shangazi akajibu vizuri kabisa, akasema wala msihangaike, sisi tulishaona hali, bodaboda yuko hapa uani, mama ameshakaa katikati, mimi napanda nyuma yake tunaondoka, barabara ni kavu, sasa hivi tutakuwa kwenye lami.

Hapo ndipo nilipoiomba ile simu. Hakuna aliyenituma. Nikasema, "Shangazi, shikamoo. Mwambie mama ashuke. Haiwezekani mama aje kumwona mzee amebanwa juu ya pikipiki wakati mimi gari ninalo. Nakuja kuwachukua."

Nikamsikia anageuka kumwambia, kisha akarudi. "Mama anasema pikipiki imeshawaka."

"Mwambie izimwe."

Nitawaambia ukweli, kulikuwa na heshima ndani ya maneno yale, sikatai, mama mkwe ana nyonga mbaya na pikipiki ingemtikisa. Lakini heshima ilikuwa ndogo kuliko kile kingine. Kijiji kile ndicho kilichonirudishia ng'ombe mmoja wa mahari mbele za watu, wakasema amekonda, hafai hata kwa kitoweo, na tangu siku hiyo kila nikienda ukweni nilikuwa natembea nikiangalia chini. Nilitaka wanione. Mke wangu alinitazama akasema, "Baba Neema, pikipiki itafika." Nikamwambia gari litafika kabla yake, nikaondoka.

Na kweli nilifika vizuri, wala sina la kulalamika kuhusu kwenda. Barabara ilikuwa kavu, wingu lilikuwa mbali upande wa Mwanza, nikaingia kijijini napiga honi, watu wakatoka, wazee wakasimama wakiwa wameshika fimbo zao, nikawasalimia mwangaluka kulia na kushoto, na mmoja wa wale waliomkataa ng'ombe wangu akaizunguka pikapu mara kadhaa akipapasa meno ya matairi. Moyo wangu ulikuwa umejaa, Mungu anisamehe, nilikuwa nimesahau kabisa nimefuata nini.

Mama mkwe akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani, mkononi ana chupa ya uji wa mtama na shati safi la mzee limekunjwa ndani ya kanga. Akaja mpaka mlangoni mwa gari. Akasimama. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kifua chake.

Hapa lazima niwaeleze kitu, kwa wale ambao si wa kwetu. Kwetu Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono, hamkai mkeka mmoja, na wengine, kama sisi, hata maneno mnapitishia kwa mtu. Neema wangu yuko sekondari sasa, na tangu nimuoe mama yake mpaka siku ile mimi na mama mkwe hatukuwahi kusemeshana moja kwa moja, tulikuwa tunakaa chumba kimoja, yeye anamwambia Shangazi "mwambie mkwe karibu chakula," nami namwambia Shangazi "mwambie mama asante," na Shangazi anabeba maneno hatua tatu kwenda na kurudi. Ndivyo tulivyoheshimiana na hakuna aliyekuwa na shida.

Shangazi Nyanzobe akaangalia matairi, akaniangalia mimi. Akauliza ngazi iko wapi. Nikasema nilizitoa. Akauliza kwa nini. Nikasema zilikuwa zinagusana na tairi. Akapima kwa mkono urefu mpaka kwenye sakafu ya gari, akasema, "Sasa mama apandie wapi?"

Angekuwa abiria mwingine yeyote ningemnyanyua mimi mwenyewe, kama nilivyowaahidi watu wa dukani. Huyu sikuweza hata kumsogelea. Vijana wa jirani wakajitolea, wakimshika nyonga inamuuma, wakimwinua kitenge kinapanda, na mkwe nimesimama pale pale natazama, basi mama mkwe akawatoa mikono yao akasema neno kwa Shangazi, na Shangazi akaniambia niende nikakae zizini mpaka nitakapoitwa.

Ndiyo, zizini. Bosi mwenye pikapu nikasimama katikati ya ng'ombe, viatu vipya kwenye samadi, nimegeukia ukuta wa miti, nikisikiliza tu huko nyuma. Wakaleta kigoda, kikawa kifupi. Wakaleta ndoo wakaifudikiza, ikabonyea. Mzee mmoja akasema kichuguu, kipo kichuguu kizuri pale mwisho wa shamba, gari lisogezwe pale mama apande kichuguu kwanza, akiwa juu aingie moja kwa moja. Likawa wazo zuri. Nikaitwa kutoka zizini nikalisogeza gari, na hapo ndipo rimu zangu zilipojibu, kwa sababu zilikuwa zimejitokeza nje kiasi kwamba tairi liligusa kichuguu wakati mlango bado uko mbali nacho, ukabaki uwazi ambao kijana mzima angeuruka lakini si mama mwenye nyonga. Nikajaribu mbele, nikajaribu nyuma, tairi linakata udongo wa kichuguu, uwazi uko pale pale. Mwisho wakaenda kung'oa mlango wa jiko wakautandika uwe daraja, nami nikarudishwa zizini.

Niliposikia mlango wa gari unafungwa na wanawake wanashukuru, wabeja, wabeja, nikatoka. Lile wingu la Mwanza lilikuwa limeshafika juu yetu.

Tukaondoka, Shangazi na mama mkwe nyuma, mimi mbele peke yangu. Kioo cha ndani nilikigeuza kitazame dari ili macho yetu yasikutane, kwa hiyo nilikuwa naendesha bila kujua nyuma kuna nini. Hatujafika mbali mvua ikaanguka. Na mimi (hapa mnaruhusiwa kunitukana) nilifurahi. Nikasema moyoni, haya sasa, hayo matairi si yanaitwa ya matope, leo ndiyo siku yake, leo wataona kwa nini niliyanunua.

Udongo wa mbuga mnaujua. Ukiwa mkavu unabeba lori, ukilowa haumbebi hata mbuzi vizuri. Matairi membamba huwa yanazama kidogo yanatafuta chini kugumu, ila haya yangu yalikuwa yanaelea juu na kuubeba ule udongo, kila yanapozunguka yanaongeza tabaka, mpaka nafasi yote kati ya tairi na madigadi ikashindiliwa tope jeusi na gari likaanza kutoa sauti ya kukwaruza.

"Nyanzobe," mama mkwe akasema kutoka nyuma, "muulize mkwe hiyo sauti ni ya nini."

"Mama anauliza sauti ni ya nini."

"Mwambie mama ni tope tu."

"Anasema ni tope tu."

Tukaendelea hivyo mpaka kwenye kona, pale barabara inapopita juu ya tuta, majaruba kulia, majaruba kushoto, upana wa gari moja tu. Nikakata usukani wote. Tairi la mbele likabana kwenye lile bati la madigadi lililokatwa kwa mashine, bati ambalo makali yake hakuna aliyekumbuka kuyapiga tupa, nikasikia upepo unatoka kwa nguvu, gari likayumba, likateleza, likakaa mshazari, pua upande huu na mkia upande ule, limeziba tuta lote.

Nikashuka. Nikachukua jeki. Jeki ilikuwa ile iliyokuja na gari, ya wakati gari halijanyanyuliwa, nikaiweka chini ya chesisi nikaipandisha mpaka mwisho wake na bado haikugusa kitu, ilikuwa imesimama pale chini peke yake kwenye mvua. Nikatafuta mawe ya kuiwekea chini, na mbugani hakuna mawe. Shangazi akauliza bodaboda je, kisha akajijibu mwenyewe kwamba kwa tope hili hakuna pikipiki itakayopita mpaka kukauke. Akafungua mlango, akaruka, akaangukia magoti, akainuka bila kunilaumu, akajifunga kanga vizuri akarudi kijijini kwa miguu kutafuta watu wenye ng'ombe wa kutuvuta.

Simu ikaita. Mke wangu. "Mmefika wapi?"

Nikasema, "Tunakaribia Songwa."

"Baba anaangalia mlangoni tu. Kila mtu akiingia anadhani ni mama."

"Mwambie anakuja."

Kwa hiyo nilimdanganya na mzee pia. Nikaiweka simu kwenye kiti cha mbele kwa sababu mikono yangu ilikuwa tope mpaka kwenye viwiko, nikalala chini ya gari nikaanza kuchimba tope kwa vidole, kipande kwa kipande, nikilia kwa hasira, maana nilikuwa nimeshaanza kuelewa. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma, chupa ya uji mapajani. Sikuwa na namna ya kumwambia lolote kwa sababu wa kumpitishia hakuwepo.

Simu ikaita tena. Nikaanza kujivuta nitoke, suruali ikanasa kwenye chuma. Ikaita, ikaita. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia mama mkwe anajivuta mbele, nadhani aliiona picha ya binti yake kwenye kioo cha simu, akabonyeza. Na simu yangu ile sikio lake lilikuwa limekufa zamani, ilikuwa inaongea kwa spika tu. Kabla hajasema kitu, sauti ya mke wangu ikajaa mle ndani.

"Baba Neema, usikimbize gari tena. Baba ametutoka. Usimwambie mama njiani, mlete pole pole, nitamwambia mwenyewe."

Nilikuwa chini ya gari. Nililala pale kama nilivyo. Mvua ilikuwa inaendelea kunyesha kwenye majaruba.

"Kabula," mama mkwe akasema. "Nimesikia, ng'wanawane."

Upande wa pili mke wangu akapiga kelele moja, simu ikakatika. Nikatoka chini ya gari, nikasimama, sikujua niangalie wapi. Mama mkwe alikuwa ameligeukia lile bonde la mpunga. Nikamtafuta Shangazi kwa macho ingawa nilijua hayupo. Kisha mama mkwe akaniangalia mimi, usoni, na akasema nami kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mwanawe.

"Mkwe, nishushe."

Hapakuwa na kigoda, hapakuwa na kichuguu wala mlango wa jiko. Nikapangusa mikono kwenye shati, haikupanguka kitu, nikamfikia nikamchukua mikononi. Alikuwa mwepesi. Chupa ya uji ameikumbatia na shati la mzee liko kati yetu. Nikageuka nimweke chini na sikuona pa kumweka, kila mahali ni tope na maji, nikabaki nimesimama juu ya tuta nimembeba mama mkwe wangu kifuani, na ndivyo walivyotukuta Shangazi na wanaume wa kijiji na ng'ombe wao na mnyororo. Wakasimama wote. Mzee mmoja akavua kofia akaangalia pembeni. Nafikiri walidhani nimepata wazimu, mpaka mama mkwe aliposema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Luhende amekwenda. Nirudisheni nyumbani nikamngojee."

Alitembea. Hakutaka kurudishwa ndani ya gari, na hata angetaka, lisingekwenda. Shangazi upande mmoja, jirani upande mwingine, walimshika wakarudi naye pole pole kwenye lile tope, na mimi nikaachwa na ng'ombe. Ng'ombe walivuta mpaka chuma cha usukani kikapinda, tairi la pili nalo likabana, na gari likajikita zaidi pale pale lilipokuwa.

Lingeishia hapo ningesema afadhali. Kesho yake mwili wa mzee uliletwa kutoka Shinyanga kwenye gari dogo la mizigo la kukodi, mke wangu na baba zake wadogo wamekaa nyuma na jeneza, na msafara ukaja vizuri kwenye barabara iliyoanza kukauka mpaka ulipofika kwenye kona ya majaruba ukakuta pikapu yangu imeziba tuta. Hapakuwa na pa kupita. Nilikuwa nimekesha pale na mafundi wa Songwa tunahangaika, nguo zile zile za jana. Mke wangu alishuka akaliangalia gari, akaangalia matairi, akarudi kwenye jeneza. Wanaume wakalishusha jeneza, wakalibeba mabegani, wakaingia ndani ya jaruba na maji yakawafika magotini, wakaizunguka pikapu yangu wakiwa na Mzee Luhende mabegani, wakapanda tena tuta upande wa pili. Nami niliingia kwenye maji nikashika pembe moja. Mbele yangu alikuwa mzee yule yule aliyekuwa anapapasa matairi, na safari hii hakuyatazama.

Baada ya arobaini wazee wakaniita. Nilikuwa nimemshika mama mkwe, na desturi haiulizi mvua wala tope, nikatozwa mbuzi wa kuondoa mkosi. Nikampeleka mwenyewe, amenona, safari hii hakuna aliyesema amekonda. Tukakaa uani, wazee, mke wangu, Shangazi, na mama mkwe amevaa nguo za msiba, ameketi mbali nami kama zamani, na kanga ameishusha mpaka kwenye nyusi.

"Nyanzobe," akasema, "mwambie mkwe mbuzi nimempokea. Mwambie kunishika hakukuwa kosa lake, nilimwomba mimi. Lakini mwambie siku ile nilikuwa nimeshakaa kwenye pikipiki."

Nilikuwa nimeshasikia, uani pale hapakuwa na umbali wowote. Hata hivyo Shangazi akaugeuza mwili wote kunielekea, kama inavyotakiwa, akaanza upya, mbuzi amepokelewa, kumshika hakukuwa kosa lako, na siku ile mama alikuwa ameshakaa kwenye pikipiki. Nikamwambia, mwambie mama nimesikia.

Matairi yale niliyauza, aliyeyanunua alinishukuru sana na mimi sikumweleza kitu. Mke wangu hajawahi kunisimanga, ila mpaka leo wakikaa na mama yake wanajiuliza lile neno la mzee lilikuwa neno gani, labda la shamba, labda la watoto, labda la wao wawili tu, na mimi nikisikia wameanza natoka nje. Kwa hiyo mkiwa safarini na mkaniambia mmeshapata usafiri wenu, hata wa baiskeli, sitawaambia mshuke tena maishani mwangu. Nitasema nendeni, haraka, anayewangoja anawangoja.